Sayansi Mikononi mwa Wanafunzi: Utafiti katika Chuo cha Caltech

Caltech, kwa jina kamili Taasisi ya Teknolojia ya California, ni chuo kikuu binafsi kilichopo mjini Pasadena, kando ya jiji la Los Angeles nchini Marekani. Wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni kama 1,000 tu, wa shahada za juu ni kama 1,400, na maprofesa ni kama 300. Ziko shule za sekondari za kata zenye wanafunzi wengi kuliko wote wanaosomea shahada ya kwanza hapo. Udogo huo haukuletwa na uhaba wa fedha wala wa waombaji. Waliokijenga chuo waliuchagua, na waliowafuata wakaulinda kwa zaidi ya miaka mia moja. Ndio unaoeleza kwa nini kijana wa mwaka wa kwanza au wa pili anaweza kukabidhiwa kazi ya kweli katika maabara ambazo kwingineko wangeingia wenye shahada mbili tu.

Historia yake inaanza mwaka 1891. Mwanzilishi, Amos Throop, mfanyabiashara aliyehamia California kutoka Chicago, alitaka vijana wa Pasadena wajifunze kazi za mikono pamoja na masomo ya darasani, na kwa miaka kadhaa shule yake ilipokea hata watoto wadogo. Aliyeigeuza ikawa kitu kingine ni George Ellery Hale, mtaalamu wa falaki ambaye mwaka 1904 alianzisha kituo cha darubini juu ya Mlima Wilson, ulio jirani na mji huo. Hale aliingia katika bodi ya wadhamini mwaka 1907. Kazi yake ya kuchunguza Jua na nyota ilihitaji wanafizikia, wanakemia na wahandisi wa kushauriana nao kila siku, nao hawakuwapo. Akaishawishi bodi iachane na elimu ya msingi na sekondari, ichague fani chache za sayansi na uhandisi, na katika hizo chache isikubali kuwa wa pili. Kisha akawavuta watu. Mwanakemia Arthur Noyes alitoka MIT, chuo kingine binafsi cha teknolojia kilichopo jimbo la Massachusetts. Mwanafizikia Robert Millikan alitoka Chuo Kikuu cha Chicago. Jina la sasa la chuo lilianza kutumika mwaka 1920, Millikan akashika uongozi mwaka uliofuata, na mwaka 1923 akapewa Tuzo ya Nobel ambayo kwa sehemu kubwa ilitokana na kipimo chake cha chaji ya elektroni.

Kati ya watatu hao Noyes ndiye anayetajwa kwa nadra, na ndiye aliyewafaa wanafunzi zaidi. Aliamini kwamba kijana anayetarajiwa kuwa mwanasayansi asisubiri shahada ndipo aanze kutafiti. Anatakiwa aanze mapema, akiwa bado anafundishwa mambo ya msingi, ili yale ya darasani yapate pa kushikia. Kwa hiyo katika maabara yake ya kemia wanafunzi wa shahada ya kwanza waliochangamka walitafutwa na kupewa kazi.

Mmoja wao alikuwa Edwin McMillan. Kabla hajahitimu shahada ya kwanza mwaka 1928, alishirikiana na Linus Pauling, ambaye naye alikuwa ametoka kusomea uzamivu hapohapo, kuchunguza kwa eksirei aloi za risasi na thaliamu. Makala yao ilitoka mwaka 1927 katika jarida la chama cha wanakemia wa Marekani. Aloi hizo hazikuubadilisha ulimwengu. Lakini McMillan alikuwa ameshajua, kabla ya kuvaa joho, namna swali linavyoandaliwa, namna kipimo kinavyorudiwa, na namna matokeo yanavyoandikwa ili watu wasiomjua wayakague. Mwaka 1940 aligundua neptuniamu, elementi ya kwanza iliyo nzito kuliko urani, na mwaka 1951 yeye na Glenn Seaborg wakapata Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mafunzo yanayomfikisha mwanafunzi hapo ni magumu, na chuo hakilifichi jambo hilo. Kila anayesajiliwa, awe anakusudia kusomea hisabati, biolojia au uchumi, hupitia mtaala mmoja wa msingi wa hisabati, fizikia, kemia, biolojia na kazi za maabara. Mwaka wa masomo una mihula mitatu. Kwa miaka mingi kila mwanafunzi alitakiwa kusoma hisabati mihula mitano na fizikia mihula mitano. Baadaye mzigo huo ulipunguzwa, lakini bado hakuna anayehitimu bila kuzijua nguvu za sumaku na umeme. Juu ya hayo kuna masomo 12 ya lazima ya fasihi, historia, falsafa na sayansi za jamii, ambayo Noyes na Hale waliyatetea tangu mwanzo kwa hoja kwamba mhandisi asiyejua kuandika wala kusoma historia ni nusu mhandisi. Katika mihula miwili ya kwanza hakuna alama za herufi. Mwanafunzi hufaulu au hufeli tu, basi. Utaratibu huo una busara kubwa. Vijana wanaofika hapo wengi walikuwa wa kwanza darasani tangu utotoni, na hapo kwa mara ya kwanza wanajikuta katikati ya orodha au mwishoni kabisa. Mihula miwili isiyo na alama huwapa muda wa kuzoea hali hiyo kabla haijaandikwa katika cheti.

Mtaala huo wa msingi ndio uliozaa kitabu cha fizikia kinachosifika kuliko karibu vyote vya karne iliyopita. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maprofesa waliona kwamba fizikia ya mwaka wa kwanza imechakaa. Vijana walikuja wakiwa na hamu ya kusikia habari za atomi na nadharia ya uhusianifu, wakalishwa mteremko na kapi mwaka mzima. Richard Feynman akaombwa afundishe upya somo lote. Alilifundisha kuanzia mwaka 1961 hadi 1963, mihadhara yake ikarekodiwa, na wenzake Robert Leighton na Matthew Sands wakasaidia kuigeuza kuwa juzuu tatu. Feynman mwenyewe hakuridhika na matokeo kwa upande wa wanafunzi. Alipotazama mitihani yao aliona kwamba wengi hawakumfuata. Wasomaji waliokuja baadaye, hasa walimu na wanafunzi wa ngazi za juu, ndio waliokipa kitabu hadhi yake.

Feynman alikuwa na sababu ya kuamini kwamba vijana wanaweza kubebeshwa mambo mazito. Akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale MIT, aliandika tasnifu kuhusu nguvu zinazofanya kazi ndani ya molekuli. Sehemu yake ilichapishwa mwaka 1939 katika jarida la Physical Review, na kanuni iliyomo bado inatumiwa na wanakemia wanaopiga hesabu za molekuli kwa kompyuta. Alikuwa na umri wa miaka 21.

Jambo jingine linaloshikilia masomo ya Caltech ni kanuni ya heshima, ambayo kwa ufupi inamkataza yeyote kujinufaisha isivyo haki kwa hasara ya mwenzake. Mitihani mingi haina msimamizi. Mwanafunzi huichukua, huenda nayo chumbani au maktaba, huchagua saa yake, hujipimia muda, na anapofika kikomo huweka kalamu chini. Kanuni hiyo ina uzito hata nje ya mitihani, kwa sababu utafiti wote unasimama juu ya kuaminiana. Hakuna anayeketi na mtafiti usiku wa manane kuhakikisha kwamba namba aliyoiandika katika daftari la maabara ndiyo aliyoisoma kwenye kifaa. Anayefundishwa uaminifu kwenye mtihani wa muhula wa kwanza anaandaliwa kwa usiku huo.

Utawala wa masomo nao umefanywa mwepesi. Badala ya utitiri wa idara zilizojitenga, kuna migawanyo sita tu mikubwa, na mwanabiolojia anayehitaji msaada wa mhandisi wa umeme hana mipaka mingi ya kuvuka. Ukaribu huo ndio unaowawezesha wanafunzi kuhamahama kati ya maabara bila kuhesabiwa kuwa wasaliti wa fani zao.

Kwa zaidi ya nusu karne utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza uliendelea kwa namna ya kubahatisha. Profesa mwenye moyo alimchukua kijana, asiye na moyo hakumchukua. MIT ilitangulia kuliwekea jambo hilo utaratibu. Mwaka 1969 mwanafizikia Margaret MacVicar, kwa kuungwa mkono na Edwin Land, mvumbuzi wa kamera za Polaroid, alianzisha mpango unaomruhusu mwanafunzi kufanya kazi na profesa kwa malipo au kwa kuhesabiwa masomo. Caltech ilifuata mwaka 1979 kwa mpango wa ufadhili wa utafiti wakati wa likizo ya kiangazi, unaojulikana kwa kifupi chake, SURF. Aliyeuanzisha ni Fredrick Shair, profesa wa uhandisi wa kemikali.

Wanafunzi wa uhandisi wa Tanzania wanayajua mafunzo kwa vitendo, ambapo kijana hupelekwa kiwandani, bandarini au kwenye mradi wa barabara ili aone kazi inavyofanyika. SURF inafanana na hayo kwa muda wake, ambao ni wiki kumi, na inatofautiana nayo katika jambo moja kubwa. Kiwandani kazi ilishajulikana, mwanafunzi anakwenda kuijifunza. Katika maabara hakuna anayejua jibu, hata profesa.

Safari huanza miezi mingi kabla ya likizo. Mwanafunzi husoma makala za maprofesa, huwaandikia, huomba kuonana nao, na akipata anayekubali kumsimamia, wawili hao huandaa swali. Hapo ndipo kiini cha mpango kilipo. Mwanafunzi mwenyewe anatakiwa kuandika andiko la utafiti lenye maelezo ya tatizo, yale ambayo wengine wameshayafanya, njia atakayoitumia, na ratiba ya kazi, kama vile mtafiti mzima anavyoomba ruzuku. Andiko hilo husomwa na walimu na kushindanishwa na mengine. Wanaokubaliwa hupewa posho. Wakati wa kazi huandika taarifa za maendeleo, mwishoni huandika ripoti kamili ya kitaalamu, na baadaye husimama mbele ya walimu, wenzao na wageni kueleza walichokipata, katika siku maalumu ya semina iliyopangwa kama mkutano wa wanasayansi.

Posho ni jambo la kutazamwa kwa makini, maana mara nyingi hudhaniwa kuwa zawadi tu. Mwanafunzi wa familia yenye uwezo anaweza kukaa maabara likizo nzima bila kulipwa, akapata barua nzuri ya profesa na nafasi ya kusoma uzamivu. Wa familia maskini hana budi kutafuta kibarua ili alipie pango na kupata nauli ya muhula unaofuata. Utafiti usiolipwa huwachuja watu kwa mifuko yao huku ukijifanya unawachuja kwa akili. Chuo kinachotaka watafiti kutoka kila tabaka hakina njia nyingine ila kulipa.

Wiki kumi ni chache. Wiki mbili za kwanza huishia katika kujifunza vifaa na taratibu za usalama, na si ajabu wiki ya tano ikafika bila kipimo hata kimoja cha kuaminika. Sampuli huchafuka, programu hukataa kukokotoa, kifaa kilichoagizwa huchelewa. Wengi humaliza likizo wakiwa na nusu ya walichokiahidi, na walimu wenye uzoefu hulitarajia hilo. Wanaopenda huendelea na kazi ileile mwaka wa masomo unapoanza, wakaifanya sehemu ya masomo yao au tasnifu ya mwaka wa mwisho, na hapo ndipo matokeo ya kuchapishwa hupatikana zaidi. Ukweli mwingine ni kwamba anayekaa na mwanafunzi kila siku kwa kawaida si profesa aliyetia saini. Ni mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti kijana aliyetoka kuhitimu uzamivu. Huyo ndiye anayemwonyesha jinsi ya kushika bomba la kupimia, anayemfungulia mlango Jumamosi, na anayemwambia kwamba grafu yake imekosewa. Ubora wa likizo nzima hutegemea subira ya mtu huyo, na ni haki kazi yake ihesabiwe.

Faida ya kuwaamini wanafunzi inaonekana wazi zaidi katika habari za Frank Malina. Mwaka 1936 Malina alikuwa mwanafunzi wa shahada za juu katika maabara ya usafiri wa anga ya Caltech, akisimamiwa na Theodore von Kármán, Mhungaria aliyekuwa bingwa wa elimu ya mwendo wa hewa. Wakati huo neno roketi liliwakumbusha watu hadithi za kubuni, na mwanasayansi aliyejiheshimu alilikwepa. Malina aliomba tasnifu yake iwe juu ya roketi. Von Kármán alikubali, akamruhusu pia kushirikiana na vijana wawili wa mjini ambao hawakuwa wanafunzi wa chuo: Jack Parsons, aliyejifundisha kemia ya vilipuzi, na Ed Forman, fundi mitambo. Wanafunzi wengine walijiunga nao, akiwemo Qian Xuesen kutoka China.

Fedha hazikuwepo. Vifaa vilikusanywa kutoka kwenye vyuma chakavu na kwa kuchangishana. Tarehe 31 Oktoba 1936 walibeba injini yao ndogo hadi Arroyo Seco, bonde kavu la mto nje ya Pasadena, wakajaribu kuiwasha kwa pombe ya methili na oksijeni. Katika jaribio la mwisho siku hiyo mpira wa oksijeni uliwaka moto na kuanza kuruka huku na kule, wote wakatimua mbio. Walirudi tena na tena, na Januari 1937 injini ikawaka kwa sekunde 44. Waliporuhusiwa kufanyia kazi chuoni, kemikali zilivuja na mvuke wake ukatia kutu vifaa vya gharama vya wenzao, wakafukuzwa jengoni. Wanafunzi wenzao waliwapa jina la kikosi cha kujiua.

Mwaka 1939 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iliwapa kwanza dola 1,000, kisha dola 10,000, wachunguze jinsi roketi zinavyoweza kusaidia ndege nzito kupaa kwenye viwanja vifupi. Agosti 1941 ndege ndogo ilipaa kwa msaada wa roketi zao. Vita vilileta mikataba ya jeshi, kambi ya bondeni ikakua, na kufikia mwaka 1944 ilikuwa inaitwa Maabara ya Usukumaji wa Jeti, JPL. Hapo ndipo ilipoundwa setilaiti ya kwanza ya Marekani, Explorer 1, iliyorushwa tarehe 31 Januari 1958. Mwishoni mwa mwaka huo maabara ilikabidhiwa kwa shirika la anga la NASA, na hadi leo Caltech ndiyo inayoiendesha kwa niaba ya shirika hilo. Vyombo vya Voyager na magari yanayotembea juu ya Mirihi yametoka hapo. Qian naye, baada ya kushukiwa ukomunisti na kuzuiwa kwa miaka mitano, alirudi China mwaka 1955 akawa baba wa roketi za nchi hiyo. Mataifa mawili makubwa yanadaiwa shukrani na kikundi kimoja cha wanafunzi waliofukuzwa jengoni.

Simulizi ya pili haina moshi wala mlipuko. Biolojia ilifika Caltech mwaka 1928, pale Thomas Hunt Morgan alipohama na kundi lake kutoka Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Morgan alikuwa amethibitisha kupitia inzi wa matunda kwamba jeni zimepangwa kwenye kromosomu. Aliyekuja naye, Alfred Sturtevant, ndiye aliyechora ramani ya kwanza ya jeni, na aliichora mwaka 1911 akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa kuchukua takwimu za maabara kwenda nazo nyumbani na kuzishughulikia usiku mmoja badala ya kazi zake za darasani. Kwa hiyo desturi ya kumsikiliza mwanafunzi ilikuja na inzi wale.

Miongo minne baadaye Ron Konopka, mwanafunzi wa uzamivu chini ya Seymour Benzer, alitaka kujua kama saa iliyo ndani ya viumbe, inayowafanya walale na kuamka kwa zamu, inaendeshwa na jeni. Wapo waliodhani kwamba jambo tata kiasi hicho haliwezi kuwa na jeni moja ya kulaumiwa. Konopka alichagua njia ya kuchosha na ya wazi. Inzi wa matunda kwa kawaida hutoka kwenye maganda yao ya pupa alfajiri. Aliwapa inzi kemikali inayobadilisha jeni, akazalisha vizazi, akakaa kuwavizia wanaotoka wakati usio wao. Alipata aina tatu. Wa kwanza hawakuwa na mpangilio wowote wa saa. Wa pili siku yao ilikuwa ya saa 19. Wa tatu siku yao ilirefuka hadi saa 28. Alipotafuta mahali palipobadilika, aliona kwamba aina zote tatu zimeharibika mahali pamoja, kwenye kromosomu ya X. Jeni moja iliweza kuisimamisha saa, kuiharakisha au kuichelewesha. Yeye na Benzer walichapisha matokeo hayo mwaka 1971. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipata Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kueleza jinsi jeni hiyo na wenzake wanavyofanya kazi. Konopka alikuwa amefariki mwaka 2015, na tuzo hiyo haipewi marehemu.

Siku hizi utafiti mwingi hauko tena katika mikono ya mtu mmoja na chupa zake. LIGO, mradi unaoendeshwa kwa pamoja na Caltech na MIT kwa fedha za serikali ya Marekani, una vituo viwili, kimoja Hanford katika jimbo la Washington na kingine Livingston, Louisiana, kila kimoja kikiwa na mikono miwili yenye urefu wa kilomita nne. Miale ya leza hupita ndani ya mikono hiyo ikipima kama urefu wake umebadilika kwa kiasi kilicho chini ya sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Tarehe 14 Septemba 2015 vituo vyote viwili vilinasa mawimbi ya uvutano yaliyotokana na mashimo meusi mawili yaliyogongana na kuungana, umbali wa miaka ya mwanga bilioni 1.3. Makala iliyotangaza habari hiyo Februari 2016 ina waandishi zaidi ya 1,000. Mwaka uliofuata Rainer Weiss wa MIT, pamoja na Kip Thorne na Barry Barish wa Caltech, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Thorne alikuwa amehitimu shahada ya kwanza hapohapo Caltech mwaka 1962.

Mtu anaweza kuuliza mwanafunzi wa miaka 19 ana nafasi gani katika mradi wa namna hiyo. Anayo, kwa sababu mashine kubwa huundwa na matatizo madogo mengi. Kuna mtetemo wa waya unaoning'iniza kioo. Kuna joto la leza linaloupinda uso wa kioo hichohicho. Kuna tetemeko la mbali, upepo, lori linalopita barabarani, na kila kimoja huacha alama yake katika data. Ndani ya chuo kuna mfano mdogo wa kifaa hicho, wenye mikono ya mita 40, ambao wanafunzi huutumia kujaribu mbinu mpya bila kuhatarisha vituo vikubwa, na kila kiangazi LIGO hupokea wanafunzi kupitia SURF. Kazi ya wengi wao ni kutafuta chanzo cha kelele moja na kuinyamazisha. Haina umaarufu, lakini bila maelfu ya kazi za aina hiyo mawimbi yale yasingesikika.

Gharama za haya yote hazibebwi na ada za wanafunzi. Kuwa chuo binafsi maana yake ni kwamba kinamilikiwa na bodi ya wadhamini na kina uhuru wa kuchagua fani, walimu na idadi ya wanafunzi bila kuamriwa na jimbo. Haimaanishi kwamba kinajitegemea kwa fedha. Fungu kubwa la utafiti hutoka serikali kuu ya Marekani kwa njia ya ruzuku zinazoshindaniwa. Wahisani ni nguzo ya pili: taasisi za hisani za Rockefeller zilizotoa dola milioni 6 mwaka 1928 kwa darubini ya mita tano ya Mlima Palomar, Gordon Moore na mkewe Betty walioahidi dola milioni 600 mwaka 2001, na Stewart na Lynda Resnick walioahidi dola milioni 750 mwaka 2019 kwa utafiti wa mazingira. Udhaifu wa mfumo huu uko wazi. Serikali ikibana ruzuku, wa kwanza kukosa nafasi ni mwanafunzi, kwa sababu profesa atalinda kwanza mishahara ya wafanyakazi wake.

Doa kubwa zaidi katika historia ya chuo ni muda mrefu wa kuwafungia wanawake mlango. Shahada za juu zilifunguliwa kwao katika miaka ya 1950, na Dorothy Semenow akawa mwanamke wa kwanza kupata uzamivu, mwaka 1955. Shahada ya kwanza ilisubiri hadi mwaka 1970. Chuo kilichojivunia kutafuta vipaji kilikuwa kimekataa kutazama nusu ya mahali vinapopatikana. Frances Arnold, aliyejiunga kama mwalimu katika miaka ya 1980, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2018 kwa kubuni namna ya kuviongoza vimeng'enya vibadilike vizazi kwa vizazi hadi vifanye kazi inayotakiwa. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza, nusu ya wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza walikuwa wanawake.

SURF haikubaki mali ya wanafunzi wa Caltech peke yao. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa vyuo vingine, wakiwemo wa nje ya Marekani, nao huomba. Anayetaka kwenda huanza kwa kusoma makala za profesa anayemkusudia, humwandikia kueleza anachokijua na swali linalomsumbua, na akikubaliwa huandika andiko lake kabla ya tarehe ya mwisho, ambayo huwa mapema katika mwaka. Alama nzuri husaidia. Lakini asiye na msimamizi aliyemkubali, hata awe wa kwanza katika chuo chake, ombi lake halipokelewi.